Watu wa Korogwe walikwenda wapi?

Wadau, hebu tucheze na tarakimu kidogo. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 261,004 katika Wilaya ya Korogwe. Ya 2012 ikahesabu 242,038. Yaani miaka 10 imepita na watu karibu 19,000 hawapo! Kwa sisi wa magazetini, saa ya kupeleka habari ikikaribia, kichwa kinajiandika chenyewe: "Wakimbia Korogwe". Mkonge umeshuka, vijana wametimkia Tanga na Dar, nani asiamini?

Hakuna aliyekimbia. Katikati ya sensa hizo mbili Mji wa Korogwe ulipata halmashauri yake, na 2012 wakazi wake 68,308 wakawekwa kwenye mstari wao. Jumlisha, utapata 310,346. Jina limebaki lile lile, mipaka imebadilika. Jirani zao wa Handeni nao wana kisa chao: Kilindi ilimegwa kutoka kwao 2002, kwa hiyo ukipewa ramani ya "Handeni" isiyo na mwaka, hujui umepewa Handeni ipi.

Maelezo yanayotakiwa kuandamana na data (imekusanywa lini, na nani, kwa mipaka ipi, kwa kipimo gani) ndiyo watu wa kompyuta wanaita metadata. Neno ni jipya, kazi ni ya zamani. Chukua zile ramani za karatasi za 1:50,000, ambazo Waingereza walishiriki sana kuzichora kwa kutumia picha za ndege. Pembezoni mwake mambo yote yameandikwa, mpaka mfumo wa upimaji uliotumika, Arc 1960.

Sasa kijana anaiskani ramani hiyo, anakata pembezoni ili ipendeze kwenye skrini, kisha anaituma. Kilichokatwa ndicho kilichokuwa na thamani! GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukisoma namba za Arc 1960 ukidhani ni za GPS, kwa upande wetu huu wa dunia alama yako itakaa karibu mita 300 kaskazini mwa mahali penyewe. Tena bila tarehe hutajua kama vijiji unavyoviona ni vya kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyohamisha mamilioni ya Watanzania. Unaweza kusafiri kutwa nzima kutafuta kijiji ambacho kimebaki miembe tu.

Mtu atasema mita 300 ni nini, si unatembea dakika nne? Mwambie aende Msomera, Handeni hiyo hiyo. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikipeleka huko familia kutoka Ngorongoro, na waliokuwepo kabla yao wamelalamika hadharani kwamba ardhi yao imegawiwa wageni. Nani mwenye haki, hilo siliamui hapa. Ila ugomvi wa namna hiyo huishia mezani, mbele ya ramani, na kila upande huja na yake. Familia inayohamia iliahidiwa ekari 5 za kulima. Shamba la ekari 5 likiwa mraba, upande mmja wake ni kama mita 142. Sogeza mita 300 uone: umevuka shamba la jirani lote, na sasa unalima la jirani wa pili.