Mafundi wa Njia ya Busia

Reli ilipowasili ufukoni mwa Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, na bandari ikaitwa Port Florence kabla ya kutamalaki jina la Kisumu, hapana aliyedhani kwamba ipo siku safari za kandokando ya maji yale zingetegemea chombo cha magurudumu mawili. Baiskeli ndizo zilizotangulia: katika miaka ya 1960 vijana wa Busia waliwavusha abiria na bidhaa mpakani mwa Kenya na Uganda, wakinadi “boda, boda”, na jina hilo likarithiwa na pikipiki, zilizoenea mno baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya zile ndogo mnamo 2008. Msafiri aelekeaye Busia kutoka Kisumu kwa pikipiki, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, injini ikimzimikia karibu na Maseno, humkuta fundi wa jua kali chini ya mti, ambaye huifungua plagi, huikwangua masizi kwa msasa, huitazama cheche yake ikiruka, kisha huukaza mnyororo uliolegea. Wala hataji ujira wake mpaka injini ingurume.