Maneno Yaliyobebwa Begani

Tukiitazama njia kuu ya misafara iliyopita Tabora, jirani na Kipalapala, twaona kwamba Wanyamwezi walijifunza Kiswahili cha pwani pasipo kitabu wala ubao. Mpagazi aliyejua “mbuli” na “numba” hakupata taabu ya kukumbuka mbuzi na nyumba. Alisikiliza tu jinsi sauti zilivyogeuka. Penye maneno mageni kabisa, kazi ilikuwa mwalimu: frasila aliihisi begani, doti aliihesabu siku ya posho, merikani aliivaa. Steere alipotoa kitabu chake cha lugha hiyo mwaka 1870, wapagazi walikwisha kuisema miaka mingi. Wamisionari waliofika Kipalapala katika miaka ya 1880 walijifunza kwa daftari. Baadhi yao, twadhani, wangalifaulu upesi zaidi kwa kujitwika mizigo hadi Bagamoyo.