Mafunzo ya tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno na nyonga

Tiba ya mikono ni tawi la fiziotherapia ambamo mtaalamu hutumia mikono kupima na kutibu viungo, misuli na mishipa ya fahamu: hukanda, hukisogeza kiungo taratibu, au hukisukuma ghafla kwa mwendo mfupi. Mafunzo yake ya kina hupewa watu waliokwisha kuhitimu fiziotherapia. Asiyeijua fani hudhani kinachofundishwa ni namna ya kuualisha mgongo. Sehemu hiyo ni ndogo. Muda mwingi huenda kwenye kujua nani aguswe, wapi, na nani asiguswe kabisa.

Kuunga mifupa na kukanda ni kazi za kale. Pwani ya Afrika Mashariki mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua, na anayekanda alijifunza kwa kumtazama mkubwa wake. Ufundishaji wa chuoni ulishika kasi Marekani, pale Andrew Taylor Still alipofungua chuo cha osteopathia mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Muda si mrefu D. D. Palmer naye akaanza kufundisha kairopraktiki, ambayo kama osteopathia ni fani ya kutibu kwa mikono, mjini Davenport, Iowa. Katika fiziotherapia majina makubwa yalikuja baadaye: Freddy Kaltenborn wa Norwei, Geoffrey Maitland wa Australia, na Robin McKenzie wa New Zealand. Mwaka 1956 McKenzie alimwambia mgonjwa alale kifudifudi, bila kujua kwamba kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Aliporudi alimkuta mgongo umepinda kinyumenyume, na maumivu ya mguu yamekwisha. Kutokana na bahati hiyo alijenga mfumo unaomfundisha mgonjwa kujitibu mwenyewe, jambo la ajabu kidogo kwa fani inayojivunia mikono ya tabibu.

Shirikisho la kimataifa la wataalamu hao, IFOMPT, liliundwa Montreal, Kanada, mwaka 1974. Viwango vyake vinadai, pamoja na masomo ya darasani, saa zisizopungua 150 za kutibu wagonjwa chini ya uangalizi wa mkufunzi. Kwetu, Chuo cha Mafunzo ya Tiba Kenya (KMTC) jijini Nairobi kimefundisha fani hii kwa wataalamu walio kazini, kikisaidiwa na walimu wa kujitolea kutoka Marekani.

Somo la vitendo huwa la watu wawili wawili: mmoja analala kitandani, mwenzake anapapasa pingili za kiuno moja baada ya nyingine. Maitland aliipanga misogezo katika ngazi 4. Ya kwanza ni mtikisiko mdogo mwanzoni mwa mwendo wa kiungo, ya pili ni mkubwa lakini haufiki mwisho, ya tatu ni mkubwa hadi mwisho, ya nne ni mdogo palepale mwishoni. Mkono hauzijui ngazi hizi kwa kusoma. Ndiyo maana baadhi ya walimu huweka mezani mizani ya kupimia uzito wa mwili, mwanafunzi akaigandamiza kwa kitako cha kiganja huku akitazama mshale. Akiambiwa arudie mgandamizo uleule macho yamefumbwa, mara nyingi hukosea, tena kwa mbali.

Fundisho gumu zaidi linahusu kiungo kinachounganisha nyonga na sakramu, ule mfupa wa pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba kiungo hiki "huhama", nao wataalamu "hukirudisha". Mwaka 1998 watafiti wa Uswidi wakiongozwa na Tullberg waliwapima wagonjwa 10 kwa picha za eksirei zenye usahihi mkubwa, kabla na baada ya kusukumwa kiungo hicho. Vipimo vya mikono vilionyesha nyonga imekaa sawa. Picha zilionyesha mifupa haikusogea. Hata ule mlio wa "ko" unaosikika kiungo kikisukumwa ghafla hutokana na uwazi wa gesi unaojitokeza katika ute wa kiungo. Mgonjwa anaweza kupata nafuu ya kweli, lakini si kwa sababu mfupa umerudi mahali pake, na mwalimu anayeendelea kusema hivyo anafundisha hadithi.

Siku hizi mwanafunzi hufundishwa kukichokoza kiungo. Mgonjwa hulala chali, goti likainuliwa hadi paja lisimame wima, kisha mtaalamu hulisukuma paja kuelekea kitandani. Vipimo vya aina hii vikiamsha maumivu yaleyale aliyokuja nayo mgonjwa, walau 3 kati ya seti inayotumika, ndipo kiungo hushukiwa. Kwa mjamzito kuna kipimo kingine: huinua mguu ulionyooka kiasi cha sentimita 20, halafu hurudia huku nyonga zimebanwa pande zote mbili. Mguu ukiwa mwepesi mara ya pili, huenda mkanda wa nyonga na mazoezi vikamfaa. Kupima misuli ya sakafu ya nyonga kwa ndani ni mafunzo ya peke yake, na hakufanywi bila ridhaa ya wazi ya mgonjwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja kusukuma viungo na kukanda miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Hauungi mkono kuvuta mgongo kwa mashine wala kuvaa mikanda ya kiuno.

Mwenye maumivu ya kiuno aliyeanza kupata ganzi kati ya mapaja, au asiyeweza tena kuanza au kuzuia mkojo, asikandwe na mtu yeyote. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.