Kupima Fahamu za Wasioweza Kusema

Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mjini Paris kipimo cha akili chenye mitihani 30. Kusudi lake lilikuwa jema: kutambua watoto waliohitaji mafundisho ya peke yao. Lakini sehemu kubwa ya kipimo hicho ilitaka majibu ya kinywa: mtoto ataje vitu, akariri tarakimu, aeleze maana ya maneno. Mtoto ambaye mtindio wa ubongo ulimnyima utawala wa ulimi na mikono hakuwa na mlango wa kupitishia aliyoyajua. Kimya chake kiliweza kuhesabiwa kuwa ujinga, na hukumu hiyo ikamfungia nje ya shule.

Mfano mashuhuri ni Christy Brown, aliyezaliwa Dublin mwaka 1932. Matabibu walimdhania kuwa punguani, wala mama yake hakukubali. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alishika chaki kwa vidole vya mguu wa kushoto akaandika herufi. Na mwaka 1954 alitoa kitabu cha maisha yake. Akili haikumwingia siku ile ya chaki. Ilikuwamo tangu awali, ila watu hawakuwa na njia ya kuiona.

Mwaka huo huo wa 1954 ulitoka kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mtihani wa kadi uliokusudiwa khasa watoto wa namna hiyo: mtoto huchagua picha isiyofanana na wenzake. Mwaka 1959 ukafuata mtihani wa Peabody, ambao msemaji hutaja neno, na mtoto huonyesha moja katika picha nne. Ulimi ukapumzishwa, lakini kidole kilitakiwa bado. Aliyekosa kidole alitumia macho, na mpimaji ndiye aliyeamua macho yametua wapi.

Hapo palikuwa na hatari. Huko Berlin, mwaka 1907, Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi Hans, aliyesifiwa kwa hesabu, alifuata tu mitikisiko midogo ya muulizaji, naye muulizaji hana habari. Hatari hii ilirudi Marekani katika miaka ya 1990, ilipoenea njia ya msaidizi kumshika mkono asiyesema ili aguse herufi. Wawili hao walipoonyeshwa picha mbalimbali kwa siri, neno lililoandikwa likawa mara kwa mara la picha ya msaidizi. Mwaka 1994 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilitangaza kwamba njia hiyo haina ushahidi wa kisayansi.

Kwa sababu hiyo kompyuta ilikaribishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Reg Maling alikuwa ametengeneza Uingereza mtambo wa kutawaliwa kwa pumzi, uliomwezesha aliyepooza kupiga taipu. Baadaye, huko Amsterdam, Johanna Geytenbeek na wenzake walitengeneza C-BiLLT, mtihani wa kupima ufahamu wa maneno yanayosemwa. Mtoto hujibu kwa kugusa kioo, kwa swichi, au kwa kutazama tu, na mashine huandika jibu. Mashine haina uso wa kumdokeza mtoto, wala haitamani ashinde au ashindwe.

Hata hivyo mashine nayo ina kasoro zake. Macho yasiyotulia huikosesha shabaha. Swichi inayongoja picha zipite moja moja humtaka mtoto akumbuke na avumilie, na hivyo hupima mambo mawili pamoja. Tena kutafsiri maneno hakutoshi, kwa kuwa neno jepesi katika lugha moja laweza kuwa zito katika nyingine. Ndiyo maana mtihani huo ulipohamishwa kwa Kinorwe ulipimwa upya kwa watoto wa huko.

Basi kadi na kompyuta si mahasimu. Kadi humwacha mpimaji mjuzi atambue uchovu wa mtoto. Kompyuta humzuia asijibu kwa niaba yake. Zote mbili zaweza kuonyesha kile ambacho mtoto amekijua. Asipojibu, hakuna chombo katika hivyo kinachoweza kuthibitisha kwamba hajui. Wala haifai afungiwe shule kwa ushahidi huo.