Segese Wakati wa Korona

Machi 16, 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Uganda na Rwanda ziliwaamuru raia wakae ndani. Tanzania haikufanya hivyo, na sababu kubwa ilikuwa ya kiuchumi. Mkulima wa mpunga wa Segese, huko Msalala, hana mshahara: asipoamia ndege, havuni. Mchimbaji mdogo wa dhahabu naye hula anachochimba. Msimamo huo ulitambua hali halisi ya wavujajasho. Lakini, ndugu, tuseme kweli: tofauti za kitabaka hazikwenda likizo. Masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni. Mtoto wa mjini alisoma. Mwenzake wa kijijini asiye na umeme alirudi shambani, mpaka shule zote zilipofunguliwa Juni 29.