Bingwa Aliyerudi Uanagenzini

Mwaka 2017, Raymond Malinga wa Kampala, mwenye studio yake ya Creatures, alitoa filamu ya katuni juu ya Kalabanda, zimwi linaloogopwa na wanafunzi wa Uganda. Wengi wakifika hapo hujiona wamekwisha hitimu. Yeye aliingia katika Kizazi Moto (jina la Kiswahili, ndugu walimu, ijapokuwa studio kuu ilikuwa Cape Town!), mkusanyo wa filamu 10 za Kiafrika chini ya usimamizi wa Peter Ramsey, Mmarekani aliyeshiriki tuzo ya Oscar mwaka 2019. Filamu yake, Herderboy, ilitoka mwaka 2023. Humo kijana Ndahura, mwenye jina la mfalme wa Wachwezi, atamani uchungaji. Hamu hiyo kila mwanagenzi anaijua.