Boila iliyofika Karungu

Septemba 1914 meli ya mvuke ya Waingereza, Winifred, ilikuta boti ya Kijerumani, Muansa, ghuba ya Karungu, ikarudi nyuma kwa kuzidiwa mizinga. Mimi huwaza boila yake: mabamba yaliyoshikwa kwa ribiti, maana boila ya kuchomelea haikuaminika bado. Mwaka 1905 boila ililipuka kiwandani Brockton, Marekani, ikaua watu 58. Wahandisi wa huko, ASME, wakatunga kanuni, toleo la kwanza 1914. Ngoma za boila za kuchomelea zikakubaliwa miaka ya 1930, mishono ikipigwa eksirei.

Chombo kikiisha hujaribiwa kwa maji, kupita presha ya kazi (sisi waandika programu tungeiga!). Maji hayashindiliki kirahisi: mshono ukiachia, yanavuja tu. Hewa hulipuka. Basi ndugu msomaji, fundi wa matairi akitia tangi la kompresa kiraka cha kuchomelea, usisimame karibu likijazwa.